Wafanyakazi Wanaridhika na Huduma za Ustawi? Mwongozo wa Kupima na Kurekebisha

Ukifungua bajeti ya kampuni ya ukubwa wa kati hapa Tanzania utakuta fungu la ustawi wa wafanyakazi: bima ya afya, chakula cha mchana, basi la kuwaleta watu kazini, rambirambi, zawadi za Mei Mosi, pengine na mchango wa mwajiri kwenye SACCOS. Fedha zinatoka kila mwezi. Manung'uniko nayo hayaishi, na wakubwa wanahitimisha kwamba watu hawatosheki.

Mara nyingi wanakosea. Wafanyakazi wengi hawana ugomvi na ukubwa wa huduma. Wanachokilalamikia ni namna inavyowafikia: kadi ya bima iliyokataliwa dirishani, basi linaloondoka kabla shifti haijaisha, fomu ya rambirambi inayokaa mezani mwa mtu mpaka arobaini ipite. Mambo hayo hayaonekani kwenye bajeti, kwa hiyo lazima yatafutwe kwa makusudi. Mwongozo huu ni wa afisa rasilimaliwatu, mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi, au mwenye kampuni anayetaka kujua ukweli na yuko tayari kuufanyia kazi. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Aliyeko Zanzibar atumie Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, na kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii atumie ZSSF badala ya NSSF. Hatua zenyewe ni zilezile.

Hatua ya 1: Tenga kilicho haki na kilicho nyongeza

Chukua karatasi uchore safu tatu. Kwenye ya kwanza andika yanayodaiwa na sheria. Kwenye ya pili, yaliyomo katika mkataba wa hali bora za kazi (ule wa mwajiri na chama cha wafanyakazi), mikataba ya ajira na kanuni za kampuni. Kwenye ya tatu, yale mwajiri anayoyatoa kwa hiari yake.

Safu ya kwanza ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo zenye malipo, zikihesabiwa pamoja na sikukuu zinazoangukia humo. Inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Mama anapata siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, na akirudi kazini akiwa ananyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kumnyonyesha mwanawe. Kwenye hifadhi ya jamii, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hatakiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya 10 katika hizo. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, unalipwa na mwajiri peke yake. Ukiukuta kwenye makato ya slipu ya mshahara, hilo ni kosa la kurekebishwa leo, si jambo la kusubiri utafiti.

Kabla hujamuuliza mtu yeyote kama anaridhika, hakikisha safu hii imekaa sawa. Chagua slipu za watu kumi kutoka idara tofauti, waombe wakuletee taarifa zao za michango, ulinganishe mwezi kwa mwezi. Kagua daftari la likizo uone ni nani amekaa miaka miwili bila kupumzika. Mtu ambaye michango yake haijapelekwa tangu mwaka jana haulizwi kama ameipenda sare mpya. Ukimuuliza, utakuwa umemdharau, na majibu yake kuhusu kila kitu kingine yatabeba hasira hiyo.

Kuna faida nyingine ya kutenganisha. Kampuni zina mazoea ya kuorodhesha NSSF na likizo ya uzazi kwenye matangazo yao ya kazi kama vile ni ukarimu. Wafanyakazi wanalijua hilo, na linawaudhi. Dodoso lako lisirudie mchezo huo.

Hatua ya 2: Soma kumbukumbu, halafu nenda ukaone

Huduma inayopendwa inatumika. Kwa hiyo anza na matumizi: idadi ya sahani zinazogawiwa kantini kwa kila shifti, viti vinavyobaki wazi kwenye basi, kadi za bima ambazo hazijawahi kutumika, maombi ya mkopo SACCOS yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, muda kati ya taarifa ya msiba na malipo ya rambirambi. Nyingi ya takwimu hizi tayari ziko ofisini, kwa mhasibu, kwa mpishi au kwa kampuni ya bima. Zichukue za miezi kumi na miwili.

Halafu ondoka mezani. Chukua kiwanda chenye shifti mbili na kantini inayosifiwa kwenye kila kikao cha menejimenti. Keti humo saa sita usiku. Wali umepikwa saa tano asubuhi, umekauka juu na kushikana chini ya sufuria. Maharage yamepashwa moto mara ya pili. Mpishi aliondoka jioni, anayegawa ni mlinzi. Nusu ya watu wako nje karibu na stoo wamefungua hotipoti zao kutoka nyumbani, na wanaopanga foleni ni wale wasio na mtu wa kuwapikia. Na si suala la ladha peke yake. Wali ulioachwa saa nyingi katika joto la kawaida unaweza kuotesha bakteria ambao sumu yao haiondoki hata ukiupasha moto tena.

Hakuna dodoso litakalokueleza hayo vizuri kama dakika thelathini za kukaa pale. Fanya vivyo hivyo na basi: lipande kutoka kituo cha mwanzo mpaka cha mwisho, siku ya kawaida, bila kutangaza. Mwombe mfanyakazi anayekuamini akueleze safari moja ya hospitali kwa kadi ya bima, tangu mapokezi hadi dirisha la dawa, ambako ndiko kauli ya "hii haimo kwenye kifurushi chako" inakotolewa.

Hatua ya 3: Pata ahadi ya menejimenti kwa maandishi

Hatua hii inarukwa sana, na ndiyo inayoua tafiti nyingi. Kuuliza watu wanataka nini ni kuwapa matumaini. Ukishauliza kisha ukanyamaza, umewaacha pabaya kuliko ulipowakuta, na mwakani hawatakujibu.

Kaa na mkurugenzi na mhasibu mkubaliane mambo matatu. Kwanza, nini kinaweza kubadilika mwaka huu bila bajeti mpya: muda wa basi, zamu ya mpishi, utaratibu wa kusaini fomu. Pili, kiasi gani kinaweza kuongezwa mwaka ujao wa fedha, hata kama ni kidogo. Tatu, nini hakitaguswa. Kama mkataba wa bima una mwaka mzima mbele yake na hauvunjiki, usiulize watu wangependa kampuni gani ya bima. Uliza kinachowasumbua ndani ya huduma iliyopo.

Waeleze pia wategemee nini. Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwahoji wahandisi na wahasibu wa eneo la Pittsburgh, na mwaka 1959 akaeleza kwamba yanayomkera mtu kazini na yanayompa ari ya kazi ni makundi mawili tofauti. Mazingira, sera na malipo yakiwa mabaya yanamkera mtu. Yakiwa mazuri yanaondoa kero, lakini ari inatoka kwenye kazi yenyewe, kutambuliwa na kupanda ngazi. Wapo wataalamu waliompinga, hata hivyo kwa fungu la ustawi naona onyo lake linafaa. Mkurugenzi anayedhani wali wa moto utaongeza uzalishaji mwezi ujao atavunjika moyo na kuukata. Wali wa moto unatolewa kwa sababu watu wanafanya kazi usiku na wanahitaji kula.

Kama mahali pako pana tawi la chama, iwe TUICO, TUGHE, TAMICO au kingine, liite mapema, kabla dodoso halijaandikwa. Katika utumishi wa umma njia hiyo inapita kwenye Baraza la Wafanyakazi. Utafiti ambao tawi limeshiriki kuuandaa watu wanauamini. Ambao limeukuta ubaoni wanauona mtego.

Hatua ya 4: Linda siri ya anayejibu

Swali la kwanza kichwani mwa mfanyakazi ni moja: nani atasoma? Lijibu kabla hajauliza, na ulijibu kwa vitendo.

Usidai jina wala namba ya kazi. Usiulize umri kamili, idara, jinsia na mwaka wa kuajiriwa kwa pamoja, maana katika idara ya watu sita hayo manne yanatosha kumtambua mtu. Uliza idara na shifti, na kama ni lazima, jinsia. Weka kanuni kwamba kundi lenye watu chini ya kumi halitolewi takwimu zake peke yake. Liunganishwe na jingine. Sanduku la majibu lisiwe mlangoni kwa meneja wala chini ya kamera. Chumba cha kubadilishia nguo kinafaa, na ofisi ya tawi pia. Lifunguliwe na watu wawili, mmoja wa rasilimaliwatu na mmoja wa tawi.

Kama unatumia fomu ya kwenye simu, zima mpangilio wa kukusanya barua pepe au namba, kisha fungua fomu hiyo mbele yao waone. Kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Taarifa za afya zinalindwa kwa ukali zaidi, kwa hiyo usimuulize mtu anaumwa nini wala anatumia dawa gani. Unachotaka kujua ni kama kadi ilifanya kazi.

Kwa wasiosoma vizuri, mpe kazi ya kuwasomea mtu asiye msimamizi wao na asiye wa idara yao. Mfanyakazi wa usafi hatamwambia ukweli anayempangia zamu.

Hatua ya 5: Andika maswali yanayouliza tukio

Hapa pana jambo ambalo miongozo ya nje haikuandai. Kwetu, mtu akiulizwa na mkubwa wake "unaridhika?" jibu la adabu ni "tunashukuru." Hata mwenye malalamiko atashukuru kwanza. Swali la kuridhika likisimama peke yake litakuletea alama za juu zisizo na maana. Dawa yake ni kuuliza kilichotokea. Mtu anayeona aibu kusema bima ni mbaya hataona aibu kusema kwamba mara ya mwisho alilipa 18,000 mfukoni.

Kwa kila huduma uliza mambo manne: anaijua, ameitumia, ilikwendaje, na ina umuhimu gani kwake. Mfano wa bima:

1. Je, unajua ni vituo gani vya afya vinapokea kadi yako karibu na unapoishi? (Ndiyo / Hapana)
2. Katika miezi 12 iliyopita, wewe au mtegemezi wako mmetumia kadi? (Ndiyo / Hapana / Sina kadi)
3. Mara ya mwisho mlipoitumia, mlilipa chochote mfukoni? Kama ndiyo, kwa ajili ya nini?
4. Kwa jumla, huduma ya bima kwako ni: mbaya sana / mbaya / ya wastani / nzuri / nzuri sana
5. Ukichagua huduma mbili tu za kampuni ambazo hungependa ziondolewe, bima ni mojawapo? (Ndiyo / Hapana)

Mizani ya ngazi tano katika swali la nne ni ya Rensis Likert, aliyeichapisha mwaka 1932, na bado inafanya kazi. Itumie ileile dodoso zima. Usibadilishe katikati ukaanza kuuliza kwa alama za moja hadi kumi.

Epuka kuuliza mawili kwa pamoja. "Unaridhika na chakula na usafiri?" haliwezi kujibiwa na mtu anayependa kimoja na kuchukia kingine. Epuka kusifia ndani ya swali, kama "Unaonaje juhudi za menejimenti kuboresha kantini?" Mwishoni acha nafasi wazi na swali moja: "Ni jambo gani dogo ambalo likirekebishwa mwezi huu utaliona?" Neno *dogo* ni la makusudi, kwa sababu bila hilo kila mtu ataandika mshahara. Mshahara ni hoja halali kabisa, ila mahali pake ni meza ya majadiliano ya mkataba wa hali bora, na useme hivyo waziwazi juu ya fomu.

Dodoso lote lisizidi kurasa mbili. Wajaribishe watu watano wa kazi tofauti, mmoja mmoja, ukiwaomba wakueleze kwa maneno yao kila swali linauliza nini. Pale wawili watakapotofautiana, andika upya.

Hatua ya 6: Kaa na watu katika vikundi

Karatasi zitakuonyesha tatizo liko wapi. Kwa nini limekuwa tatizo utaambiwa kwa mazungumzo. Kaa na watu sita hadi wanane kwa saa moja, shifti ya usiku peke yao, madereva peke yao, wanawake peke yao, na wasimamizi wasichanganywe na wanaowasimamia. Anayeongoza asiwe mkuu wa idara. Anza kwa kusema kwamba hakuna jina litakaloandikwa, na usiandike.

Wanawake wakikaa peke yao, habari ya kunyonyesha itatoka. Saa mbili zipo kwenye sheria, ila mama anayeishi Mbagala na kufanya kazi Mikocheni hawezi kwenda nyumbani na kurudi kwa saa mbili. Wengi huomba waruhusiwe kutoka mapema, au kipatikane chumba safi chenye mlango unaofungwa na jokofu dogo la kuhifadhia maziwa. Kwa kampuni ni gharama ndogo mno. Kwa mama inaweza kuamua kama ataendelea na kazi.

Mada nyingine itakayochukua muda ni msiba, na iachie muda huo. Sheria inatoa angalau siku nne zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, na kwa kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Siku hizo nne ni za mzunguko mzima wa miezi 36, hata misiba ikiwa miwili. Sasa tazama orodha hiyo kwa macho ya mtu wa hapa. Baba mkubwa hayumo, mama mdogo hayumo, wala mkwe. Mfanyakazi aliyelelewa na shangazi tangu akiwa na miaka mitatu anafiwa na mtu ambaye maisha yote amemwita mama, kisha ofisini anaulizwa alete cheti cha kuzaliwa. Mazishi yako Kigoma, safari ya barabara kutoka Dar es Salaam inakula siku kwenda na siku kurudi, na ndugu wanamsubiri yeye kwa sababu ndiye mwenye mshahara.

Nimesikia hoja kwamba ukifungua mlango huo kila mtu atafiwa na shangazi kila mwezi. Kinga ipo, na ni rahisi. Kila mfanyakazi akiajiriwa, na kisha kila Januari, anaandika majina ya watu anaowategemea na wanaomtegemea, wakiwemo waliomlea. Kampuni inaweka kikomo, tuseme wanane. Akifa aliyeandikwa, haki ya siku na rambirambi inatolewa bila kuhoji ukoo. Sheria inaweka kima cha chini. Hakuna kinachomzuia mwajiri kwenda mbele ya hapo. Na rambirambi itoke siku hiyohiyo kwa simu, kwa saini ya mtu mmoja, hesabu zifungwe baadaye. Fedha hiyo ni ya kununulia sanda na kulipia gari. Ikifika wiki tatu baada ya maziko, haijamsaidia kwenye msiba.

Katika yote niliyoyaona yakibadilisha moyo wa watu kwa mwajiri wao, hili liko juu. Watu husahau zawadi ya Mei Mosi. Hawasahau nani alikuja kuzika.

Hatua ya 7: Chambua kwa makundi, usiridhike na wastani

Tuseme kampuni ina watu 180 na wamejibu 150. Kuhusu kantini, 94 wamesema ni nzuri au nzuri sana, yaani asilimia 63. Ukiishia hapo utaandika "wengi wanaridhika" na utalala vizuri. Gawa sasa kwa shifti. Kati ya 110 wa mchana, 88 wanaridhika: asilimia 80. Kati ya 40 wa usiku, wanaoridhika ni 6: asilimia 15. Kantini moja, kampuni mbili. Kazi yako iko kwa hao 40, na hutamgusa mpishi wa mchana.

Gawa pia kati ya waliotumia huduma na wasioitumia. Asiyewahi kulazwa huwa anaisifu bima, muulize aliyelazwa. Kisha watazame wale 30 ambao hawakujibu. Kama 25 ni wa idara moja, usilaumu uvivu. Ama hawakupata fomu, ama kuna msimamizi wanayemwogopa, na yote mawili unapaswa kuyajua.

Baada ya hapo panga huduma kwa mambo mawili, umuhimu na kuridhika. Yenye umuhimu mkubwa na kuridhika kudogo ndiyo yanayoshughulikiwa kwanza. Yenye umuhimu mdogo na gharama kubwa yajadiliwe kama fedha zake zinaweza kuhamishwa. Pengine sherehe ya mwisho wa mwaka hotelini inakula fedha ambazo zingelipa mpishi wa usiku mwaka mzima. Sisemi ifutwe. Weka namba mbili hizo mbele ya watu wenyewe wachague.

Hapa mwite mhasibu tena kwa ajili ya kodi. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, huduma ya kantini kwenye eneo la mwajiri haiingizwi kwenye kipato cha mfanyakazi kinachotozwa kodi pale inapopatikana kwa wafanyakazi wote kwa masharti sawa. Matibabu na bima ya afya kwa mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wao wasiozidi wanne vinapata nafuu hiyohiyo, kwa sharti lilelile la usawa. Kwa hiyo kampuni inayowapa bima mameneja peke yao inaudhi watu na pia inapoteza nafuu. Hoja hii huwa inasikika haraka kwenye kikao cha fedha.

Hatua ya 8: Rudisha majibu ndani ya mwezi mmoja

Itisha mkutano wa wafanyakazi, mara mbili ikibidi ili shifti zote ziwepo. Soma matokeo kama yalivyo, yakiwemo yanayouma. Halafu toa orodha tatu: tunalolifanya sasa, na tarehe yake, tutakaloliingiza kwenye bajeti ijayo, tusiloliweza, na sababu yake kwa lugha ya kueleweka. Orodha ya tatu ndiyo inayoogopwa, nami naona ndiyo inayojenga imani. Mtu akiambiwa wazi kwamba basi haliwezi kufika Chanika kwa sababu wanaotoka huko ni wanne na mafuta ni kiasi hiki, anaweza kukubali au kuleta wazo jingine, kama nauli. Akinyamaziwa anajitungia sababu mwenyewe.

Bandika orodha hizo ubaoni na jina la cheo kinachohusika mbele ya kila jambo. Angalau mambo mawili ya orodha ya kwanza yawe yamefanyika tayari siku ya mkutano.

Chochote kinachobadilisha masharti ya mtu kiandikwe. Sheria ya Ajira inataka maelezo ya ajira yaliyoandikwa yataje pia marupurupu na malipo yasiyo ya fedha, na yakibadilika mfanyakazi ashirikishwe na kujulishwa kwa maandishi. Hii inakata pande zote: inamlinda mfanyakazi dhidi ya huduma inayoondolewa kimyakimya, na inamlinda mwajiri dhidi ya "tuliahidiwa." Lililo kubwa zaidi liingie kwenye mkataba wa hali bora utakapofunguliwa.

Malalamiko ya mtu mmoja mmoja yaliyojitokeza, mfano likizo aliyonyimwa, yasisubiri ratiba ya utafiti. Yapitie taratibu za malalamiko za kampuni, na muhusika aambiwe kwamba akikwama kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na kwamba huko muda wa kupeleka mgogoro una kikomo, hivyo asikae nalo.

Hatua ya 9: Pima tena kwa maneno yaleyale

Baada ya miezi mitatu uliza maswali mawili au matatu tu kuhusu yale yaliyorekebishwa, kwa makundi yaliyohusika. Kama chakula cha usiku sasa kinapikwa saa tatu usiku, hesabu sahani na hotipoti. Dodoso kamili lirudi baada ya mwaka, katika mwezi uleule, kabla bajeti haijafungwa ili matokeo yaingie humo. Usilifanye Aprili mishahara mipya inaposubiriwa, wala Desemba watu wakiwa na hamu ya likizo.

Maswali ya zamani usiyaguse hata neno, la sivyo hutaweza kulinganisha. Ukiwa na jipya la kuuliza, liongeze mwisho. Fomu zilizojazwa kwa mkono zihifadhiwe kwa kufuli mpaka takwimu zikamilike, kisha ziteketezwe mbele ya mwakilishi wa tawi, na tarehe ya kuteketezwa ibandikwe ubaoni karibu na zile orodha tatu.